Swali Ambalo Watson Hakuliuliza

Usaili wa kazi hapa Marekani huwa na mwisho mmoja. Anayekuhoji hufunga daftari lake, hukaa vizuri kitini, kisha husema: "Haya, na wewe una swali lolote kwetu?" Mwenzetu mmoja katika chama, kijana aliyezaliwa Mombasa na kukulia hapa Ohio, aliulizwa hivyo mwezi wa Aprili mwaka jana. Alikuwa ameomba kazi ya kuuza huduma ya kuua wadudu, nyumba kwa nyumba, wakati wa likizo ya kiangazi. Akajibu, "Hapana, nashukuru sana." Kazi akaipata siku ileile. Mwisho wa Agosti alirudi akiwa na deni kwa kampuni iliyomwajiri, na muhula wa vuli hakuweza kujiandikisha masomoni.

Tulipomwuliza kwa nini hakuuliza chochote, alisema alidhani kumhoji mtu anayekupa riziki ni kukosa adabu. Hatukumcheka. Wengi wetu tuliokuwa kwenye kikao kile tumelelewa hivyohivyo: mkubwa akisema, mdogo anaitikia, na mambo ya fedha hayazungumzwi siku ya kwanza. Tumeandika habari yake kwa ridhaa yake, kwa sababu imetufanya tutafute jambo moja katika historia: je, wauzaji wa zamani, wale walioianzisha kazi hii kama tunavyoijua leo, walikuwa wakiwauliza nini waajiri wao?

Jibu tulilipata karibu, hapahapa Ohio.

Mji wa Dayton na mashine ya kengele

Mwezi wa Oktoba wanachama tisa tulikwenda Dayton, kwenye bustani ya historia iitwayo Carillon, ambako kuna rejesta za fedha za kale. Rejesta ni ile mashine ya dukani yenye vitufe, kengele na droo. Nyingi kati ya zile tulizoziona ni za shaba iliyonakshiwa, nzito kama kasha la bibi harusi wa Lamu. Mashine hiyo ilibuniwa Dayton mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa aliyechoshwa na wafanyakazi wake kutia mfukoni fedha za wateja.

Mwaka 1884 John H. Patterson alinunua kampuni ndogo iliyokuwa ikiitengeneza, kwa dola 6,500, akaipa jina la National Cash Register. Tatizo lake lilikuwa soko. Wenye maduka waliona wana droo zao za mbao na hawana haja ya mashine ya gharama kubwa. Wahudumu wa maduka waliichukia, kwa sababu kuiweka mezani kulikuwa sawa na kuwaambia kwamba wanashukiwa wizi. Bidhaa kama hiyo haijiuzi yenyewe. Ilihitaji mtu wa kusafiri, kubisha hodi, kueleza, kufukuzwa, na kurudi tena kesho.

Kwa hiyo Patterson alilitengeneza jeshi la wauzaji. Alitambua kwamba Joseph Crane, shemeji yake, aliuza kuliko wengine kwa sababu alisema maneno yaleyale kwa kila mteja. Mwaka 1887 maneno hayo yakachapishwa katika kijitabu, na wauzaji wote wakatakiwa kukikariri. Miaka ya 1890 alifungua shule ya wauzaji palepale Dayton. Humo walifundishwa namna ya kumhoji mwenye duka: unauza kwa mkopo au taslimu, nani hushika fedha ukitoka, umewahi kupoteza kiasi gani. Kila kipingamizi cha mteja kilikuwa na jibu lake tayari.

Kumhoji mwajiri halikuwa somo la shule ile. Somo hilo wauzaji walijifunza wenyewe, kwa kuumia, na hakuna anayelionyesha vizuri kuliko mwanafunzi mashuhuri wa Patterson, Thomas J. Watson, ambaye baadaye aliiongoza kampuni ya IBM.

Swali la malipo

Watson alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la New York, mtoto wa familia ya kawaida. Akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi alianza kuuza piano, vinanda na vyerehani mashambani, akizunguka na gari la farasi kwa niaba ya mwenye duka mmoja wa mji mdogo wa Painted Post. Mwajiri alimlipa mshahara usiozidi dola 12 kwa wiki, naye aliridhika. Kwa kijana wa kijijini wakati ule, zilikuwa fedha za kutosha.

Miaka miwili ikapita. Ndipo akagundua kwamba wauzaji wa vyombo hivyo kwa kawaida hawalipwi mshahara, bali kamisheni, na kwamba kwa mauzo yake angekuwa anapata zaidi ya dola 60 kwa wiki. Alikasirika, akaacha kazi, akahamia Buffalo.

Ni rahisi kumlaumu mwenye duka. Lakini hatujaona popote kwamba alimdanganya Watson. Alimtajia mshahara, Watson akakubali. Swali moja tu lilikosekana: "Watu wa kazi hii hulipwa vipi?"

Swali hilo lina pande mbili, na mwaka 1938 upande wa pili ulipata nguvu ya sheria. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya shirikisho ya kima cha chini cha mshahara, ikianza na senti 25 kwa saa. Sheria hiyo iliwaacha nje wauzaji wanaofanya kazi yao mbali na ofisi ya mwajiri, yaani hao wa kubisha hodi na kusafiri. Mpaka leo sheria hiyo ya shirikisho bado inawaacha nje. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuzunguka mitaani tangu asubuhi hadi usiku, asiuze kitu, na kwa mujibu wa sheria hiyo asidai chochote. Mwenzetu hakulijua hilo. Alidhani, kama sisi sote, kwamba saa kumi za kazi lazima ziwe na thamani yake.

Kwa hiyo muulizeni mwajiri: "Malipo ni mshahara, kamisheni, au vyote viwili? Na muuzaji wa kawaida wa mwaka wa kwanza alipata kiasi gani mwaka jana?" Tieni mkazo kwenye neno *wa kawaida*. Ukiuliza tu "naweza kupata kiasi gani," utasimuliwa habari za yule mmoja aliyenunua gari jipya.

Swali la gharama

Katika karne ya 19 wauzaji wanaosafiri walikuwa na mkosi mwingine. Miji na majimbo mengi yaliwalinda wafanyabiashara wao kwa kumtoza ada kila mgeni aliyekuja kuuza kwa sampuli. Sabine Robbins alikuwa mmoja wao. Aliuza karatasi na vifaa vya ofisi kwa niaba ya kampuni ya Cincinnati, hapa Ohio. Mwaka 1884 alikamatwa Memphis, Tennessee, kwa kuuza bila leseni, ambayo ilikuwa dola 10 kwa wiki au dola 25 kwa mwezi. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1887 mahakama ikaamua kwamba jimbo haliwezi kutoza ada ya namna hiyo kwa biashara inayotoka jimbo lingine.

Robbins alishinda, lakini tukumbuke kwamba faini ilitajwa kwa jina lake. Anayekamatwa barabarani ni muuzaji, hata kama bidhaa ni ya mwingine. Leo pia miji mingi humtaka anayeuza nyumba kwa nyumba awe na kibali. Mwenzetu alisimamishwa na polisi mara mbili mwezi wa Juni, na kibali alijinunulia mwenyewe. Petroli pia ilikuwa yake. Kodi ya chumba alichoshirikiana na wauzaji wengine watatu ilikatwa kwenye kamisheni yake kabla hajaiona.

Swali lenyewe ni fupi: "Gharama za kibali, usafiri, simu na malazi ni za nani, na zinakatwa lini?"

Swali la mwalimu

Turudi kwa Watson. Huko Buffalo alifungua bucha, ikafilisika. Ndani ya bucha kulikuwa na rejesta ya Patterson aliyokuwa akiilipa kidogokidogo. Alipokwenda kwenye ofisi ya kampuni kuhamisha deni hilo kwa mnunuzi wa duka, aliomba kazi. Meneja, John J. Range, alimkatalia. Akarudi tena na tena, na Novemba 1896 akaajiriwa kama mwanagenzi.

Siku za mwanzo hakuuza hata moja. Range alimkaripia kwa maneno makali, kisha akafanya jambo ambalo lilibadilisha maisha ya kijana yule: akapanda naye garini, wakaenda pamoja kwa wateja, Watson akatazama jinsi kazi inavyofanywa. Haukupita muda mrefu akawa miongoni mwa wauzaji bora wa upande wa mashariki.

Kijitabu cha Crane kilikuwepo tayari, na Watson angeweza kukikariri. Kilichomfaa zaidi ni mtu wa kukaa kando yake. Ndiyo maana tunashauri swali hili: "Nani atanifundisha, kwa muda gani, na je, atatoka pamoja nami kwa wateja?" Mwenzetu alipewa video za saa tatu na fulana mbili.

Swali la eneo na lengo

Patterson alifanya jambo moja la haki ambalo wauzaji wake walilipenda. Kila wakala alipewa eneo lake, lenye mipaka inayojulikana, na mashine iliyouzwa ndani ya eneo hilo ilihesabiwa kuwa yake. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida mawakala wa kampuni moja kugombania mteja mmoja, kila mmoja akishusha bei kumshinda mwenzake. Pamoja na eneo, Patterson alimwekea kila mtu lengo la mauzo, lile ambalo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam huliita tageti.

Eneo na lengo havitenganishwi. Watson alipopewa ofisi ya Rochester, alipewa kamisheni ya asilimia 35, ambayo ni kubwa. Lakini ofisi ile ilikuwa dhaifu, na washindani walikuwa wameshatia mizizi. Asilimia kubwa ya kitu kidogo inaweza kuwa kidogo kuliko asilimia ndogo ya kitu kikubwa; hesabu hiyo kila mtoto wa muuza duka anaijua.

Hapa maswali ni matatu. "Eneo langu ni lipi, na nani mwingine anauza humo?" "Katika wauzaji wenu, wangapi walilifikia lengo mwaka jana?" Na la tatu, ambalo huuliza mengi kwa maneno machache: "Aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu amekwenda wapi?" Kama amepandishwa cheo, vizuri. Kama wamepita watano katika miaka miwili, mmeshajibiwa.

Swali la fedha baada ya kuuza

Kabla ya bucha, Watson aliwahi kuuza hisa za kampuni ya mikopo ya nyumba huko Buffalo, chini ya muuzaji mmoja mwenye maneno matamu na suti nzuri. Siku moja mtu yule akatoweka, na kamisheni za Watson zikaenda naye. Watson alikuwa ameuza kweli, wateja walikuwa wametoa fedha kweli, lakini hakuwa amepanga na mkubwa wake ni lini sehemu yake ingeingia mkononi.

Wazee wetu wa biashara wana neno *mali kauli*: unapewa mzigo bila kulipa, kwa kuaminiwa tu, ukauze kisha urudishe bei yake. Kila aliyewahi kuchukua mali kauli anajua kwamba kabla mzigo haujatoka dukani lazima yasemwe mambo mawili. La kwanza, fedha zinarudi lini. La pili, mzigo ukiharibika au mnunuzi akikimbia, hasara ni ya nani. Kamisheni ni jambo lilelile likitazamwa kutoka upande wa pili. Safari hii muuzaji ndiye anayeidai kampuni.

Hapa ndipo mwenzetu alipoangukia. Alipewa fedha kila wiki, akadhani ni malipo. Kumbe zilikuwa karadha juu ya kamisheni ijayo. Mteja aliyevunja mkataba kabla ya miezi mitatu alifuta kamisheni yote, na fedha zilizokwisha kutolewa zikageuka kuwa deni la muuzaji. Wateja wake kumi na wawili walivunja mikataba mwezi wa Agosti. Yote haya yalikuwa yameandikwa katika ukurasa wa sita wa karatasi aliyotia saini. Hakuna aliyemficha, na hakuna aliyemwambia.

Ulizeni basi: "Kamisheni inakuwa yangu lini: mteja akitia saini, akilipa, au baadaye? Na mteja akivunja mkataba, nini hufuata?" Kisha ombeni kuliona jibu hilo katika maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la ushindi

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi, na Watson alikaribia kulilipia kwa kifungo.

Mwaka 1903 Patterson na wenzake walimpa kazi ya siri. Biashara ya rejesta kuukuu ilikuwa ikikua, na wauzaji wake waliwapunguzia soko la mashine mpya. Watson akapewa fedha za kampuni, akaanzisha biashara ya rejesta kuukuu iliyoonekana kana kwamba ni yake mwenyewe, akafungua maduka karibu na ya washindani na kuwafanyia ushindani mpaka wakaondoka sokoni. Februari 1913 mahakama ya shirikisho mjini Cincinnati iliwatia hatiani Patterson, Watson na wenzao zaidi ya ishirini kwa kuvunja sheria inayozuia kuhodhi soko. Watson alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka 1915 hukumu ikatenguliwa katika rufani, na hakufungwa. Lakini kwa muda wa miaka miwili aliishi nayo, na baada ya muda mfupi Patterson mwenyewe alimwondoa kazini.

Muuzaji ndiye mkono wa kampuni. Kampuni ikishinda kwa hila, ni mkono huo unaoonekana. Huwezi kumwuliza mwajiri "Je, mnafanya hila?" Lakini unaweza kuuliza: "Mteja akimwuliza mshindani wenu juu yenu, atasema nini?" Au: "Kwa sababu gani wateja huwaacha?" Mwajiri mwaminifu ana jibu la maswali hayo, kwa sababu ameshayafikiria. Mwenzetu angeuliza la pili, huenda angesikia kwamba wateja wengi hawakujua kuwa wanatia saini mkataba wa mwaka mzima.

Mtu yuleyule, usaili mwingine

Mwaka 1914 Watson alikuwa na miaka 40, hana kazi, na hukumu ya kifungo iko juu ya kichwa chake. Charles Flint alimwita aongoze kampuni iliyoitwa Computing-Tabulating-Recording. Baadhi ya wakurugenzi walisita kumchukua. Mtu mwingine katika hali ile angeshukuru na kupokea chochote. Watson alijadiliana. Aliomba mshahara, wakakubaliana dola 25,000 kwa mwaka, na juu yake akaomba sehemu ya faida. Mwaka 1924 kampuni hiyo ikabadilishwa jina kuwa IBM, na miaka ya 1930 magazeti yalimwita mtu wa dola elfu moja kwa siku.

Kati ya kijana wa gari la farasi na mtu huyu ilipita miaka ishirini hivi. Maswali yake ya 1914 aliyanunua kwa hasara za Painted Post, Buffalo na Cincinnati. Sisi tunaweza kuyapata kwa bei nafuu zaidi.

Juu ya adabu

Tulipousoma mswada wa makala hii kikaoni, mmoja wa walimu wetu alituonya kwamba kuna maswali yanayomfanya mwajiri akuone mroho. Onyo hilo ni la kweli, na dawa yake ni mpangilio. Anza na kazi: nani atanifundisha, eneo ni lipi, wateja ni watu gani. Fuata na lengo. Malisha na malipo na gharama, kwa sauti ileile uliyotumia mwanzo. Usiulize yote; chagua matatu au manne ambayo karatasi zao hazikuyajibu. Na ukijibiwa, sema ahsante.

Tena, katika kazi ya kuuza, kuuliza ni sehemu ya mtihani. Mwajiri anatafuta mtu atakayekaa mbele ya mgeni na kumhoji kwa heshima mpaka ajue haja yake. Anayeshindwa kuuliza juu ya riziki yake mwenyewe atawezaje kumwuliza mteja juu ya ya kwake? Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kuuliza si ujinga. Nasi tunaongeza kwamba si utovu wa adabu pia, maana swali linaloulizwa mapema huwaepusha watu wawili na ugomvi wa baadaye.

Mwenzetu alimaliza kulipa deni lake mwezi wa Desemba, kwa kufanya kazi usiku ghalani. Amerudi darasani. Machi ana usaili mwingine, wa kuuza vifaa vya hospitali, na juma lililopita alituletea karatasi yenye maswali manne ili tuyapitie pamoja. La kwanza lilikuwa: "Aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu amekwenda wapi?" Tulimshauri alisogeze liwe la tatu. Mengine tuliyaacha kama alivyoyaandika.